Mdomo Wenye Upande Mzito

Bwenini,
24 Januari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, wewe na mgongo wako? Umeacha kubeba mabomba ya chuma peke yako, au bado unajifanya kijana? Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, na sanduku langu halijaibiwa kitu isipokuwa kandambili ya mguu mmoja, na mtu anayeiba kandambili moja nadhani ana shida kuliko mimi.

Sasa kaa chini nikupe habari. Shule hii ina bendi. Bendi ya kweli, Baba, yenye ngoma, filimbi na matarumbeta matatu yanayong'aa. Mwalimu wa muziki ni mzee mfupi, suruali imefika kifuani, na tunamwita Bwana Pumzi kwa sababu hamalizi sentensi bila kusema "pumzi". Siku ya kwanza alitupanga mstari, tukapokezana tarumbeta moja. Wenzangu walipuliza mashavu yakavimba, sauti haikutoka, au ilitoka ile ambayo mtu akiitoa darasani huomba radhi. Zamu yangu ilipofika akaniuliza kama nimewahi kushika chombo. Nikasema ndiyo, mpira wa kumwagilia maji na faneli ya mafuta ya taa, baba yangu ndiye aliyenitengenezea. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nikapuliza ule wimbo wetu wa kukuita uje kula. Kicheko kikaisha.

Bwana Pumzi alinirudisha nipulize tena, kisha akauliza kama baba yangu ni mwanamuziki. Nikamwambia ni fundi bomba. Akasema basi ndiyo maana. Amenipa tarumbeta la kwanza, ambalo siku zote hupewa wakubwa wa kidato cha nne, mimi wa kidato cha tatu niliyehamia juzi tu. La pili amepewa msichana wa kidato cha nne anayeitwa Mrefu, na hakununa, tumekuwa marafiki.

Sikiliza sasa jambo lenyewe. Kila mwisho wa mwaka anakuja mtu kutoka chuo cha muziki kusikiliza bendi, na huchukua mwanafunzi mmoja tu. Nataka niwe mimi. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nizaliwe. Usimwambie Shangazi, atasema najipandisha.

Siku ya wazazi usikose, mwalimu anataka kukuona.

Mwanao akupendaye,
Faneli


Nyumbani,
9 Februari

Kwa binti yangu Faneli,

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, unanisalimia kila asubuhi kabla sijafumbua macho. Nyumba nayo haijambo, ila imekuwa kubwa ghafla. Juzi nilijisahau nikapika chakula cha watu wawili. Nikala cha mmoja, na cha pili nikakila kesho yake kwa hasira. Shangazi yako anapita kila Jumapili kukagua kama nimefagia. Nafagia pale anapopita yeye.

Barua yako nimewasomea mafundi wote kazini, hata wasiotaka. Nimewaeleza habari ya ule mpira. Wewe ulikuwa mdogo sana, pengine hukumbuki vizuri. Ni ule mwaka Mama yako alipotutoka, yeye na mtoto aliyekuwa akimzaa, nawe ukaacha kabisa kusema. Shangazi alikuletea pipi, mwanasesere, hata kuku hai. Kimya. Siku moja nikiwa kazini nikakata kipande cha mpira, nikachomeka faneli upande mmoja, nikakuletea. Ulipuliza mpaka jirani akaja kuuliza tumefuga mnyama gani. Tangu siku hiyo jina lako likawa Faneli, na chakula kikiiva unaniita kwa mpira ule, nami hata nikiwa juu ya paa la watu nashuka.

Nitakuja siku ya wazazi. Nitatoka kazini moja kwa moja, kwa hiyo usinionee haya nikija na mfuko wa spana.

Baba yako


Bwenini,
17 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Asante kwa kuja, kwa sabuni na karanga, na kwa kutengeneza bomba la chumba cha kufulia bila kuombwa. Matroni bado anakusifu, nadhani angependa uje kila wiki.

Sina raha, Baba. Siku ile nilipokwenda kukuletea maji ya kunywa nilikuacha na Bwana Pumzi mnacheka, nikafurahi sana kwamba mmepatana. Jumatatu yake akaniita mbele ya bendi, akalichukua tarumbeta kutoka mikononi mwangu. Hakunigombeza, alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Tarumbeta la kwanza amempa Mrefu. Mimi amenipa ngoma kubwa, ile ya kuvaa tumboni.

Aliniambia na sababu, ila siwezi kuiandika leo, inanitia aibu. Nitakuambia nikipata moyo.

Mwanao,
Faneli


Nyumbani,
28 Machi

Kwa mwanangu Faneli,

Marahaba. Nimeipata barua yako nikaisoma nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Pole sana. Najua inauma.

Lakini kubali tu, mwanangu. Kifua si kitu cha kuchezea. Mtu akishapuliza chuma kile miaka na miaka, mapafu yanachoka, na maradhi ya kifua yakishaingia hayasikii dawa. Ni afadhali mwalimu mwenye huruma aliyeona mapema. Na ngoma kubwa si kitu kidogo. Bendi nzima inatembea kwa kukufuata wewe. Ukikosea wewe, wanagongana.

Ukimaliza shule utarudi hapa, tutatafuta kazi ya karibu, nami nitakutengenezea mpira mwingine mrefu zaidi, upulize polepole nyumbani kwetu. Shangazi anakusalimu.

Baba yako


Bwenini,
6 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo, habari za huko? Mimi sijambo, ila kichwa kinanizunguka.

Nani aliyekutajia kifua? Bwana Pumzi hakusema neno juu ya kifua. Alichoniambia ni kwamba mdomo wangu wa juu una upande mzito, hauwezi kukaa sawa kwenye tarumbeta, na kwamba hata nikijitahidi namna gani nitaishia kupiga sauti iliyopinda. Haya, nimeiandika sasa. Tangu siku ile najitazama kwenye kioo cha bafuni mpaka wenzangu wanadhani nimepata mchumba. Ninafumba mdomo, nafumbua, napima kwa kidole. Mara nauona ule upande mzito, mara siuoni. Mrefu anasema mdomo wangu ni mdomo tu. Lakini Mrefu ni rafiki, atasema nini?

Na kuna mambo mengine ya ajabu. Mwalimu wa michezo ameniambia nisikimbie, nikae kivulini nishike saa. Matroni ameniongezea blanketi la pili bila kuombwa, na asubuhi ananipa maji ya moto wakati wenzangu wanaoga ya baridi. Sasa bweni zima linaniita Bibi Blanketi. Nikiuliza, wananitazama kwa huruma, wanasema kula mwanangu.

Wewe umenilea, umenitazama uso huu miaka yote. Nieleze kweli, usinionee huruma. Mdomo wangu umepinda? Ukisema haujapinda nitarudi kwa Bwana Pumzi nimpigie magoti. Ukisema umepinda nitanyamaza, nitapiga ngoma yangu. Neno lako ndilo nitakalolishika.

Mwanao,
Faneli


Nyumbani,
20 Aprili

Kwa mwanangu Faneli,

Marahaba. Mimi mzima, kazi zipo.

Kifua nilikitaja kwa kubahatisha tu. Mtu akisikia tarumbeta anafikiria kifua. Usikijali.

Umeniomba ukweli, nami ndiye baba yako. Ule upande mzito upo, mwanangu. Niliuona tangu ukiwa mdogo, nikanyamaza nisikuvunje moyo. Kwenye mpira wa maji haukuonekana kwa sababu mpira unafuata mdomo. Chuma hakifuati. Usimsumbue mwalimu, ni mtu mwema.

Habari ya blanketi, shukuru. Kuna watoto wanaotamani matroni wa namna hiyo.

Baba yako


Bwenini,
2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana leo hali yangu mwenyewe imenishinda.

Wiki iliyopita alikuja daktari kupima shule nzima. Zamu yangu ilipofika nesi akamnong'oneza, naye akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia nipulize, nikohoe, nihesabu bila kuvuta pumzi. Nilihesabu mpaka akaniambia basi inatosha. Akamuuliza nesi nani amesema mtoto huyu ana maradhi ya kifua. Nesi akasema, "Baba yake."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Pumzi. Yule mzee alikaa, akavua miwani, akanieleza yote. Siku ya wazazi, nilipokwenda kukuletea maji, ulimwambia kwamba Mama alikufa kwa kifua, kwamba nami nimekirithi, na kwamba nikiendelea kupuliza nitatema damu. Ukamwomba asiniambie, ati nisije nikaingiwa na hofu. Naye kwa huruma yake akawaonya walimu na matroni wanitunze, na mimi akanitafutia sababu nyingine, akaona asingizie mdomo. Aliniomba msamaha, Baba. Mzee mzima, mbele yangu mimi, anasema nisamehe.

Nikamuuliza kabla ya hapo mlikuwa mnaongea nini mkicheka vile. Akasema alikuwa akinisifu mimi kwako. Alikuambia kwamba chuo kile kiko mbali, safari ya siku mbili kwa treni, kwamba amewahi kupeleka wanafunzi wawili na wote wamebaki hukohuko wanapiga muziki, na kwamba mimi ni bora kuliko wote wawili. Anasema hapo ndipo ulipoacha kucheka, ukaanza habari ya kifua.

Basi ndiyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikufa akizaa, wewe mwenyewe umeniandikia kwa mkono wako, na barua ninayo hapa sandukuni. Umemchukua Mama, ambaye hawezi kujitetea, ukamtumia kunifunga. Lakini hata hilo silo linaloniumiza zaidi. Lile la mwalimu ulilisema kwa haraka, kwa hofu, nalielewa. Mimi nilikuandikia nikakuuliza. Ulikuwa na siku nyingi za kufikiri, na kalamu mkononi, na ukaniandikia kwamba mdomo wangu umepinda. Likizo ya Juni tulikaa meza moja, nikila huku nimeuziba mdomo kwa mkono, na ukaniona. Ukanipitishia chumvi. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi yote hii na mimi nikakushukuru.

Sasa nisikilize. Bwana Pumzi amenirudishia tarumbeta, najifunza kila jioni kwenye chumba cha kufulia. Midomo imekaa palepale ilipokuwa. Mtu wa chuo anakuja Jumamosi ya tarehe 18, mchana. Mrefu mwenyewe amesema tusikilizwe wote wawili, anayeshinda ashinde. Kikwazo ni mama mkuu wa shule. Anasema daktari amenipima siku moja, mzazi amenijua maisha yote, na nikianguka mbele ya wageni atasema nini? Hataki barua. Anataka mzazi aje mwenyewe, asimame mbele yake, alifute neno lake kwa kinywa chake.

Njoo Jumamosi hiyo asubuhi. Sitaki sababu, sitaki kuombwa radhi, tutayaongea siku nyingine. Nataka sentensi moja tu ofisini kwa mama mkuu, kwamba binti yangu ni mzima.

Mwanao,
Faneli


Nyumbani,
9 Oktoba

Mwanangu Faneli,

Marahaba. Nimesoma. Sina la kujitetea.

Nitakuja. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo.

Baba yako


Bwenini,
20 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kwa dhati, maana nimewaza kila kitu kibaya.

Niliamka mapema nikapiga pasi sketi mara mbili. Asubuhi yote nilikuwa kwenye chumba cha kufulia napasha midomo moto, na mlinzi nilimwomba mtu mwenye mfuko wa spana akifika tu aniite mbio. Saa nne ikapita. Nikasema labda umefika umepotea, shule hii ina korido nyingi. Nikafungua dirisha nikapiga ule wimbo wetu wa chakula, mara tatu, kwa nguvu zangu zote, ili popote ulipo ujue nilipo. Mfuaji akasema wimbo huo una njaa ndani yake. Nikacheka, nikangoja.

Mama mkuu alingoja nami mpaka mgeni akashuka kwenye gari. Aliniwekea mkono begani, akaniambia nikachukue ngoma yangu.

Mrefu alipiga vizuri. Nilimpigia ngoma, sikukosea hata mara moja. Amechaguliwa, na alilia kuliko mimi.

Kama uliumwa niambie. Kama basi liliharibika njiani niambie, nitaamini. Niandikie lolote, Baba, lakini niandikie.

Mwanao,
Faneli


Nyumbani,
8 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.

Umeniandalia uongo wa aina mbili mzuri, nichague mmoja. Nimeishika kalamu wiki mbili nikitaka kuchagua ule wa basi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake. Basi halikuharibika.

Nilifika saa nne imepita kidogo tu. Nilikuwa nimevaa shati la harusi, lile jeupe. Kwenye geti kulikuwa na mlinzi anaongea na watu, nikaona nipite kwanza kwa nyuma, penye tangi la maji, ninawe uso kabla ya kumkabili mama mkuu. Kichwani nilikuwa nimeshaipanga ile sentensi. Nikiwa nanawa nikakusikia. Ulikuwa unapiga kitu nisichokijua, kirefu, kinapanda na kushuka, na sikuwahi kujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kutoka kwa mtu niliyemfunga viatu. Nilisimama na maji yananitiririka shingoni. Kisha ukapiga wimbo wetu.

Nilikusikia mara zote tatu. Kulikuwa na ukuta tu kati yetu. Nikajiambia huyu wakimsikia watamchukua leo hii, na wale wawili hawakurudi, na huyu ni bora kuliko wao. Nikaona ile nyumba na mimi peke yangu ndani yake. Miguu ikageuka. Nilifika kituoni bado nakusikia, au nilidhani nakusikia.

Sisemi nilifanya vyema. Ila fundi akiona maji yanakuja kwa nguvu hukimbilia koki kwanza, akili inamfuata baadaye. Mimi sina mtu mwingine, Faneli. Nilikuwa na Mama yako, nikabaki na wewe.

Njoo likizo. Nimepaka chumba chako rangi, nimekuvutia bomba humo humo ndani, hutatoka tena nje kunawa. Utapuliza utakavyo, usiku na mchana, sitasema neno.

Baba yako


Bwenini,
1 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua na midomo yote miwili.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kufulia, nikaenda dirishani kuliangalia tangi. Ni hatua chache tu. Ungekohoa ningekusikia.

La kifua nilishakusamehe kabla hujaomba. La mdomo lingenichukua muda, lakini ningefika. Ila wimbo ule, Baba, tangu utoto wangu una maana moja tu, Baba njoo. Hukuwahi kuusikia usije. Uliacha mabomba ya watu yanavuja ukaja. Nilikuwa na hakika ukiusikia utakuja, hakika kuliko ninavyojua jina langu, ndiyo maana niliupiga mara tatu. Na uliusikia, ukaenda zako.

Likizo siji. Mama mkuu ameniruhusu nibaki na matroni, tuko watatu, na Bwana Pumzi atanifundisha kila siku isipokuwa Jumapili. Mrefu ameniachia tarumbeta la kwanza. Mwakani mtu wa chuo atakuja tena, nami nitakuwa nimetimiza umri wa kujisemea mwenyewe, sitahitaji sentensi ya mzazi.

Uliogopa nitaenda mbali nisirudi. Sijaenda popote, Baba. Niko hapahapa uliponileta na sanduku langu, na sirudi.

Asante kwa rangi na bomba. Mpe Shangazi hicho chumba akija Jumapili. Na ile faneli iliyo juu ya kabati, ichomoe kwenye mpira uirudishe jikoni, itakufaa kumiminia mafuta ya taa.

Mwanao